Ramani ya Uhalifu Inamjua Aliyeandikisha, Haimjui Aliyekabwa

Mwaka 2009 Polisi wa Los Angeles walikuwa na ramani ya uhalifu mtandaoni, na walijivunia. Mkazi aliandika mtaa wake, akaona nukta za wizi, uporaji na mashambulio ya karibuni. Gazeti la Los Angeles Times lilipoichunguza, likakuta kwamba mahali pa hatari kuliko pote jijini ni kipande kimoja cha barabara katikati ya mji, hatua chache kutoka makao makuu mapya ya polisi hao hao. Majambazi hawakuwa wamehamia pale. Mtambo ulipopewa anwani usiyoitambua, badala ya kukiri kuwa haujui, ulipachika tukio hilo katikati ya jiji. Karibu asilimia 4 ya matukio yote kwenye ramani yakarundikana hapo.

Afrika Kusini kuna kisa cha ukoo huohuo, chenye maumivu zaidi. Nyumba moja ya familia jijini Pretoria iligongewa mlango kwa miaka na polisi na watu wenye hasira, kila mmoja akidai simu au kompyuta yake iliyoibwa imo humo ndani. Sababu ilikuja kujulikana baadaye: hifadhidata zinazokisia kifaa cha intaneti kiko wapi zilitumia nukta moja kuwakilisha jiji zima, na nukta hiyo iliangukia kwenye ua wa watu hawa. Kifaa ambacho mtambo ulijua tu kwamba kiko Pretoria kilionekana kiko kwao.

Ukisikia visa hivi unacheka, mpaka mlango unaogongwa uwe wako. Navitaja kwa sababu maofisa wa miji yetu, wafadhili na wauzaji wa mitambo wameanza kuzungumza kwa ramani. Jiji linatandazwa kwenye skrini, limepakwa kijani, njano na nyekundu, na palipo nyekundu ndipo panapopelekwa doria au kamera. Picha ya namna hiyo huzima ubishi. Diwani anayelalamika juu ya kata yake huonyeshwa rangi, na mjadala ukaishia hapo. Ni nadra mtu kuuliza rangi yenyewe imetoka wapi.

Imetoka kwenye taarifa zilizofika mezani. Ramani ya hatari haina macho; inachora kile ambacho mtu fulani aliona vyema kukiandikisha, na mtu mwingine akaona vyema kukipokea. Kwa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, ambako watu wengi hukabwa wakanyamaza, naona ni kosa kuanza na kumbukumbu za polisi. Kuna pa kuanzia pengine, na bahati nzuri wapo waliokwisha kuanza.

Kwanza niwape haki yao wanaoziamini ramani hizi, maana msingi wanao. Mwaka 1989 mtafiti Lawrence Sherman na wenzake walichapisha uchunguzi wa simu za polisi katika jiji la Minneapolis, Marekani. Waligundua kwamba nusu ya simu zote zilitoka kwenye asilimia 3 hivi tu ya anwani. Utafiti wa David Weisburd na wenzake mjini Seattle ulionyesha hali ya aina hiyo ikidumu mwaka hadi mwaka. Uhalifu haumwagiki jiji zima. Unashika baa fulani, kituo fulani cha basi, uchochoro fulani, na unakaa hapo.

Ukilitafakari hilo, utaona kwamba kusema "Manzese ni hatari" au "Eastleigh si pa kwenda" ni uvivu. Ndani ya mtaa unaoogopwa kuna njia kadhaa ambazo watoto wanacheza mpaka giza linaingia, na kuna kona moja ambayo hata kibaka mwenyewe hapiti akiwa peke yake. Ramani iliyochorwa kwa makini inaweza kuusafisha mtaa jina kwa kuonyesha kona hiyo tu. Kwangu hii ndiyo hoja kubwa kuliko zote ya kuunga mkono kazi hii, na ajabu ni kwamba wauzaji wa mitambo huitaja kwa nadra.

Polisi wa New York walilichukua wazo hilo mwaka 1994 chini ya Kamishna William Bratton na msaidizi wake Jack Maple. Wakuu wa vituo walisimamishwa mbele ya ramani ya matukio na kuulizwa: hapa mmefanya nini? Mfumo huo uliitwa CompStat, na miji mingi iliuiga. Uhalifu ulishuka, ingawa ulishuka pia katika miji ya Marekani ambayo haikuwa na mfumo huo, na wataalamu wanabishana mpaka leo sifa iende kwa nani. Lisilobishaniwa ni shinikizo la kutafuta namba. Mwaka 2011 polisi hao waliwasimamisha watu barabarani mara 685,000 hivi, na karibu tisa kati ya kila kumi waliachiwa bila kukamatwa wala kuandikiwa kosa. Wengi wao walikuwa vijana weusi na wa asili ya Amerika ya Kusini. Mwaka 2013 jaji wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba jinsi kazi hiyo ilivyofanyika ilivunja katiba.

Kisha ukaja utabiri. Programu iliyojulikana kama PredPol ilichukua kumbukumbu za zamani na kumwonyesha askari vijisanduku kwenye ramani, kila kimoja cha mita 150 hivi kwa 150, ambamo uhalifu ulitarajiwa siku hiyo. Wazo lilivutia. Lakini mwaka 2016 watafiti Kristian Lum na William Isaac walijaribu kanuni ya programu hiyo kwa kumbukumbu za makosa ya dawa za kulevya za mji wa Oakland, California. Tafiti za afya zilionyesha kwamba matumizi ya dawa hizo yalikuwa yametawanyika karibu mji mzima. Kanuni iliwarudisha askari katika mitaa ile ile ya watu weusi na wa kipato cha chini ambayo polisi walikuwa wameizoea. Na mtego ndio huu: askari anapopelekwa mtaani anaona makosa, akiyaona anayaandika, yakiandikwa ramani inazidi kuwa nyekundu, na kesho anarudishwa pale pale. Mtaa ambao askari hakupelekwa unabaki kijani kwa sababu hakuna aliyekwenda kutazama. Los Angeles iliachana na programu hiyo mwaka 2020, na mwaka huohuo Santa Cruz, mji uliokuwa wa mwanzo kuijaribu, ukapiga marufuku polisi kutabiri kwa njia hiyo.

Hao ni Wamarekani, wenye namba ya dharura inayopokelewa, majina ya barabara, na desturi ya kuita polisi hata kwa kelele za jirani. Sasa tuje kwetu.

Ukikabwa Buguruni saa nne usiku, ukapigwa roba, simu na pochi vikaondoka, utafanya nini? Wengi humshukuru Mungu kwa kubaki wazima na kurudi nyumbani. Anayefika kituoni kesho yake mara nyingi anafuata karatasi, si haki: anataka laini ya simu irudishwe, kadi ya benki itolewe upya, kitambulisho cha NIDA kipatikane. Na njia nyepesi ya kuipata karatasi hiyo ni kusema kwamba mali imepotea. Ukisema umeporwa, kuna maswali, kuna maelezo ya kuandika, kuna kuambiwa urudi. Ukisema imepotea, unaondoka na karatasi yako mapema. Nairobi mambo hayako mbali na hapo. Aliyepigwa ngeta, yaani roba hiyo hiyo, anafuata abstrakti yake, karatasi ya polisi, ili maisha yaendelee. Tukio la kukabwa linaingia vitabuni likiwa upotevu, na upotevu hauna kona wala saa. Mchoraji wa ramani atakayekuja kuomba takwimu hatalikuta.

Majeruhi walau huacha alama, kwa kuwa hospitali Tanzania kwa kawaida humuuliza mtu aliyepigwa fomu ya polisi ya PF3. Lakini mwanamke aliyepigwa na mumewe, akakandwa kwa maji ya moto na dada yake, hayumo. Msichana anayeshikwa mwili kila jioni kwenye foleni ya daladala hayumo. Machinga anayetozwa "hela ya ulinzi" na vijana wa soko hayumo, na mwenye bodaboda anayekamuliwa na wenye sare ndiyo kabisa hayumo. Duka kubwa lililovunjwa limo, kwa sababu bima inadai RB, namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi. Ukiipaka rangi orodha hiyo, utapata ramani nzuri ya mahali wenye bima wanakofanyia biashara.

Hata lililoandikishwa halijui mahali pake. Tazama jinsi tunavyoelekezana: "Tandale kwa Mtogole", "nyuma ya msikiti", "ukishuka kituoni, ule uchochoro wa fundi cherehani". Mkazi anaelewa barabara. Kompyuta haielewi, na ikilazimishwa itaitupa nukta katikati ya kata, tukarudi Los Angeles ya mwaka 2009.

Katika hali hii, kishawishi ni kununua macho. Baada ya mashambulio yaliyoikumba Kenya, likiwemo la Westgate mwaka 2013, serikali iliingia mkataba na Safaricom kujenga mfumo wa mawasiliano ya polisi ulioambatana na kamera zipatazo 1,800 za Nairobi na Mombasa. Sibezi hilo, ugaidi si jambo la kuchezea, na kamera husaidia kumtambua mtu baada ya tukio. Ila kamera hufuata barabara kuu, nguzo na umeme. Kichochoro cha Mathare hakina hata kimoja kati ya hivyo, kwa hiyo hatari yake haionekani kwenye skrini.

Nilisema wapo waliokwisha kuanza pengine. Novemba 2009 Erica Hagen na Mikel Maron walifika Kibera, wakakutana na vijana 13 wa humo, wakapeana vifaa vya GPS. Wakati huo Kibera, mtaa unaotajwa duniani kote kila umaskini wa mijini unapozungumzwa, ulikuwa karibu doa tupu kwenye ramani za mtandaoni. Hata idadi ya wakazi wake ilikuwa kama bei ya sokoni. Wengine walisema milioni moja, wengine zaidi, hadi sensa ya mwaka 2009 ilipohesabu watu 170,070. Palipo na doa tupu kila mtu hujaza anachotaka.

Vijana hao walitembea kwa miguu Kianda, Soweto, Gatwekera, Lindi, Laini Saba, Makina na vijiji vingine, wakaweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichangia, kila walichokiona kuwa muhimu: mabomba ya maji, vyoo, zahanati, shule, makanisa, misikiti, vibanda. Mradi ukaitwa Map Kibera. Usalama haukuwa lengo lao la kwanza. Ulijitokeza wenyewe, kwa sababu ukimuuliza mkazi choo kiko wapi, hasa ukimuuliza msichana, atakwambia kipo pale lakini usiku hakiendeki. Katika sentensi hiyo moja kuna taarifa mbili, na ile ya pili haipatikani kwenye kitabu chochote cha polisi.

Walipoigeukia mada ya usalama, hawakuanza na orodha ya makosa. Ramani zilichapishwa kwenye karatasi, watu wakakaa nazo kwa makundi, wakatia alama: hapa pana giza, hapa vijana hukaa vijiweni, hapa ni kwa pombe, hapa ukipiga kelele watu hutoka kukusaidia. Tofauti kati ya makundi ndiyo inayofundisha. Mwanaume hutia alama mahali alipoporwa. Mwanamke hutia alama mahali asipopita. Na pale asipopita hapawezi kamwe kuwa na tukio lake lililoandikishwa, kwa sababu hayupo. Kwa takwimu za polisi pangekuwa kijani.

Wapo watakaosema hizo ni hisia, si takwimu. Ni kweli, na hisia huweza kupotosha. Mtu huogopa giza la kichakani akaporwa na dereva aliyemwamini. Lakini hofu ina gharama inayohesabika. Anayeogopa njia ya mkato anapanda bodaboda kwa mita mia tatu, anaacha kazi ya zamu ya jioni, anafunga genge lake saa kumi na mbili. Jiji linalopima usalama kwa kuhesabu makosa pekee halioni kwamba nusu ya watu wake wamekwishaamua kutotembea.

Delhi wapo waliolifanyia kazi wazo la aina hiyo kwa upana zaidi. Baada ya ukatili wa Desemba 2012 ndani ya basi, uliotikisa India nzima, Kalpana Viswanath na mwenzake walianzisha mwaka 2013 programu ya simu iitwayo Safetipin. Haiulizi uhalifu uliotokea. Inauliza: mwanga upo? Pako wazi au pamezibwa? Kuna madirisha na maduka yanayotazama barabara? Kuna watu, na miongoni mwao kuna wanawake? Njia inapitika kwa miguu? Usafiri uko mbali? Walinzi je? Mwishoni ndipo wanauliza, wewe unajisikiaje hapa? Baadaye walifunga simu kwenye magari zikapiga picha za barabara usiku. Jiji likapewa orodha ya zaidi ya sehemu 7,000 zenye giza, na nyingi zikawekewa taa.

Napenda orodha ya maswali hayo kwa sababu kila swali lina mwenyewe. Ramani ya makosa ikisema "hapa uporaji 14", jibu linalokuja haraka ni lori la askari. Ramani ya mazingira ikisema "hapa taa imekufa, ukuta ni mrefu na kituo cha basi kimesogezwa", unajua shirika la umeme linahusika, halmashauri inahusika, wakala wa barabara anahusika. Aina ya ramani huamua aina ya dawa hata kabla kikao hakijaanza.

Na dawa ya taa imepimwa. New York, kuanzia mwaka 2016, watafiti walichagua kwa kura makazi ya umma yatakayopewa minara ya muda ya taa na yale yatakayosubiri. Makosa makubwa ya nje ya nyumba nyakati za usiku yalishuka kwa zaidi ya theluthi moja pale taa zilipowekwa. Wakazi wa mitaa ya mabanda ya Nairobi hawakuhitaji utafiti huo. Ile milingoti mirefu iliyoinuka juu ya mabati yao waliibatiza jina la mulika mwizi siku nyingi. Tatizo lao ni jingine. Mlingoti mmoja unamulika uwanja, haumuliki kichochoro kilichopinda nyuma ya uwanja. Na ukizimika, iwe kwa bili, kwa nyaya kuibwa au kwa sababu haijulikani nani wa kutuma fundi, ramani ya mradi inaendelea kuuonyesha unawaka. Hifadhidata za miradi hurekodi taa iliyosimikwa. Wapita njia wanataka kujua taa iliyowaka jana.

Dar es Salaam ina hazina ambayo haijatumiwa vya kutosha. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na miaka iliyofuata ukaanzishwa mradi wa Ramani Huria, ukiwakusanya wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi wa kata zenyewe. COSTECH, Benki ya Dunia na Msalaba Mwekundu walikuwa nyuma yake. Kabla ya hapo, mwaka 2011, jaribio lilikuwa limefanyika Tandale. Walichora mifereji, njia, madaraja ya mbao, majengo. Katika awamu ya baadaye walifanya jambo ambalo mgeni asingeliwaza: waliandamana na wajumbe kuchora mipaka ya mashina.

Asiyeijua Tanzania ajue kwamba mjumbe wa shina, kiongozi wa nyumba chache za jirani, anajua nani kahamia juzi, nyumba gani inauza gongo, kijana gani ameacha shule na sasa ana viatu vipya kila wiki. Kitanda usicholalia hujui kunguni wake, na mjumbe hulalia hapo. Mipaka ya eneo lake haikuwahi kuwa kwenye karatasi yoyote. Ilikuwa kichwani mwake. Lengo la kuichora lilikuwa mafuriko, lakini ulinzi shirikishi nao unaendeshwa kwa kiwango hichohicho cha mtaa na shina. Ukiwa na ramani hiyo unaweza kuuliza swali ambalo takwimu za kata haziwezi kulijibu: doria ya usiku ya vijana wa mtaa huu inaishia wapi, na ya mtaa wa pili inaanzia wapi, na ule mfereji ulio katikati ni wa nani? Vibaka wanaupenda mfereji huo kwa sababu majibu ni "si wetu" pande zote mbili.

Mwaka 2022 ikaja Operesheni ya Anwani za Makazi, na mfumo wa anwani wa NaPA kwenye simu. Barabara zikapata majina, nyumba zikapata namba. Kwa usalama hii ni hatua kubwa kuliko kamera yoyote, na nasema hivyo nikijua vibao vingine vimekwisha kung'olewa kuuzwa vyuma chakavu. Askari anayeandika RB leo anaweza kuandika jina la barabara badala ya "maeneo ya Tandale". Zimamoto wanaweza kuelekezwa kwenye nyumba badala ya kwenye mwembe. Kinachokosekana ni desturi: kwamba kumbukumbu ya tukio haijakamilika mpaka iwe na barabara na saa.

Sasa upande wa giza, maana upo, na si mdogo. Ramani inayoonyesha mahali wasichana wanapopita kwa hofu inamwonyesha pia anayewavizia. Ramani iliyoupaka mtaa nyekundu inasomwa na mwenye kampuni ya mikopo, na programu ya teksi, na mwajiri anayetazama anwani kwenye barua ya maombi. Marekani mwaka 2014 ilitokea programu ya simu, SketchFactor, iliyowaalika watu kutia alama mitaa "yenye kutia shaka". Ililaumiwa mara moja kwamba inageuza ubaguzi kuwa huduma. Kwetu isingekuwa rangi ya ngozi. Ingekuwa kabila, dini, Msomali wa Eastleigh, mkimbizi, kijana mwenye rasta.

Na kuna uvumi. Mwanzoni mwa Januari 2015 Dar es Salaam ilishikwa na taharuki ya Panya Road, makundi ya vijana waporaji, usiku mmoja. Maduka yalifungwa, watu walikimbia, na kila mtaa uliambiwa kwamba kundi limo mtaa wa jirani. Panya Road walikuwepo kweli, na wamewaumiza watu. Lakini usiku ule hofu ilikimbia mbele yao kwa mbali. Fikiria kungekuwa na ramani ya papo kwa papo inayopokea ujumbe wa yeyote. Jiji zima lingekuwa jekundu, na kijana yeyote aliyekutwa barabarani angekuwa kwenye hatari ya kupigwa na wenye hasira.

Wakenya waliojenga Ushahidi walilijua tatizo hilo mapema. Ory Okolloh alipotoa wito Januari 2008, wakati ghasia za baada ya uchaguzi zikiendelea, David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wenzao walitengeneza kwa siku chache mfumo wa kupokea taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Ukatumika Haiti baada ya tetemeko la 2010 na kwingine kwingi. Kazi ngumu haikuwa kuchora nukta. Ilikuwa kuthibitisha, na uthibitisho unahitaji watu waliokaa macho, wanaopiga simu, wanaomjua mtu kule. Kila nikiona tangazo la mfumo wa ramani za usalama huangalia bajeti ya kazi hiyo, na mara nyingi haipo.

Liko pia swali ambalo vikao rasmi hulikwepa: je, ramani ya hatari inaruhusiwa kumwonyesha askari? Mwaka 2017 kituo cha haki cha wakazi wa Mathare, Mathare Social Justice Centre, kilitoa ripoti ya vijana waliouawa na polisi katika mtaa huo. Kwa mama wa Mathare mwenye mtoto wa kiume wa miaka kumi na saba, hiyo ni sehemu ya hatari ya mjini kama ilivyo ngeta. Ramani ya serikali haitakuwa na nukta hizo. Ndiyo maana siamini kwamba ramani moja inatosha, hata iwe nzuri vipi, na ndiyo maana data za wakazi zisimezwe na kituo cha polisi kwa jina la ushirikiano.

Sheria zipo. Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019. Tanzania ina ya taarifa binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na tume yake. Zote zinamlinda mtu mwenye jina. Mtaa hauna jina la namna hiyo. Ramani ikifuta majina yote ya watu na kubaki na rangi, kisheria itaonekana safi, na bado watu elfu kumi wa bonde fulani watanyimwa huduma kwa sababu ya rangi hiyo. Sijaona pengo hili likijadiliwa bungeni, si Dodoma wala Nairobi.

Ningekuwa na kauli kwenye halmashauri ya jiji, nisingeanza na zabuni ya mtambo. Ningechukua ramani zilizopo, ambazo ni za bure, nikazichapisha kubwa kwa kila mtaa, nikazipeleka ofisi ya serikali ya mtaa. Ningeita makundi tofauti kwa siku tofauti: wauza chakula wa usiku, wasichana wa sekondari, bodaboda, wazee wa msikiti na kanisa, wenye ulemavu, kisha wajumbe. Kila kundi lichore peke yake kabla ya kuona la wenzake. Zinazobaki ofisini ziwe na alama za taa, mifereji na vituo. Alama za mahali watu wanapojificha au wanapoviziwa zisipandishwe mtandaoni kabisa, na zifutwe baada ya mwaka, kwa sababu kona hubadilika na jina baya hubaki.

Polisi nao wangeombwa jambo moja tu kwa kuanzia: aina ya tukio, barabara na saa, bila majina, kila robo mwaka, kwa kiwango cha mtaa. Tukiziweka karatasi hizo mbili pamoja, sehemu zisizolingana ndizo za kwenda kuzitembelea kwanza. Pale wakazi wanapoogopa na RB ziko kimya, kuna watu wameacha kuandikisha, au wameacha kupita. Pale RB ni nyingi na wakazi hawaogopi, huenda kuna askari anayejaza kitabu. Na orodha ya taa zilizozimwa ingebandikwa nje ya ofisi, kila taa na tarehe iliyoripotiwa, na jina la idara inayodaiwa.